Kutoka udongo wa Kyoto hadi koltani ya Kongo: historia ya Kyocera inafundisha nini Uvira?

Fundi wa simu wa mtaani Mulongwe akifungua simu iliyoanguka mu maji ya ziwa, anakuta ubao mwembamba uliojaa vidude vidogo, vimepangwa kama nyumba za kambi. Vingi vina rangi ya kahawa na ni vidogo kuliko punje ya mchele. Vingine ni vyeusi au vya manjano, vina mstari upande mmoja. Hivi vya mstari mara nyingi vina tantalamu ndani yake, metali inayotoka katika koltani. Hakuna mahali palipoandikwa Kongo. Lakini kwa hesabu za ofisi ya jiolojia ya Marekani, karibu tani 4 kati ya kila tani 10 za tantalamu inayochimbwa duniani zinatoka Kongo.

Ku meza ile ile ya fundi, na ku bandari ya Kalundu wakati watu wanangojea boti, swali ni moja na linarudi kila mara: "Minere yetu inaendaka wapi, na ni nani anakulaka faida?"

Swali hilo lina uzito mpya. Tarehe 4 Desemba 2025, marais wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mjini Washington mapatano yanayogusa amani na pia uchumi, na siku hiyo Kongo ikafunga na Marekani ushirikiano unaohusu madini. Siku 6 baadaye, tarehe 10 Desemba, AFC/M23 iliingia Uvira. Makumi ya maelfu ya raia walikimbilia Burundi. Kundi hilo liliondoka mjini Januari 2026, na familia nyingi zikarudi kukuta nyumba zimeporwa na kazi imesimama.

Wakati wakubwa wanazungumzia nani atanunua madini ya mashariki, ni vizuri raia ajue mnunuzi mwenyewe ni mtu wa namna gani. Historia ya kampuni moja ya Japani, Kyocera, inaweza kusaidia. Kampuni hiyo inatengeneza vidude vya namna mbili, vyenye tantalamu na visivyo nayo, na tawi lake moja liliwahi kufuata koltani mpaka kwenye shimo lenyewe, kaskazini ya Katanga.

KAMPUNI ILIYOANZA NA UDONGO

Japani ni inchi yenye madini kidogo sana. Baada ya vita vya mwaka 1945 miji yake mingi ilikuwa majivu. Katika hali hiyo alikua kijana Kazuo Inamori, aliyezaliwa mwaka 1932 Kagoshima, kusini ya Japani. Alisomea kemia, kisha akapata kazi katika kiwanda cha vyombo vya kauri mjini Kyoto, kiwanda ambacho hata mishahara kilikuwa kinachelewesha. Pale, mwaka 1956, alifaulu kutengeneza kauri ya namna mpya iliyoweza kuvumilia umeme mwingi bila kuupitisha.

Wakati ule Wajapani walikuwa wanaanza kununua televisheni, na kila televisheni ilihitaji kipande kidogo cha kauri ndani ya bomba lake la picha. Tarehe 1 Aprili 1959 Inamori na wenzake walifungua kampuni yao, Kyoto Ceramic, wakiwa na wafanyakazi 28 na mtaji wa yeni milioni 3. Mmoja wa waliowaunga mkono aliweka nyumba yake rehani benki ili mkopo upatikane. Bidhaa ya kwanza ilikuwa kile kipande cha televisheni, na mnunuzi mkubwa alikuwa kampuni ya Matsushita.

Miaka miwili haikupita bila mgogoro. Mwaka 1961 vijana waliokuwa wameajiriwa walimwendea Inamori na kudai ahadi ya nyongeza ya mshahara kwa miaka iliyokuwa mbele, la sivyo wataacha kazi. Alizungumza nao siku tatu mchana na usiku. Baadaye alisema kwamba siku hizo zilimgeuza: mpaka hapo alidhani kampuni ipo kwa ajili ya kuonyesha ufundi wake, kumbe ipo kwa ajili ya maisha ya wale wanaofanya kazi ndani yake. Akaandika neno hilo kuwa lengo la kampuni: heri ya wafanyakazi wote, kimwili na kiakili, na mchango kwa maendeleo ya binadamu.

Mwaka 1966 IBM ya Marekani ilitoa oda ya vibamba milioni 25 vya kauri kwa ajili ya mashine zake za kompyuta. Kwa kampuni changa ilikuwa kama mtu wa mtumbwi kuombwa avushe soko zima. Walifaulu, na kuanzia hapo jina lao likajulikana. Mwaka 1982 kampuni ilichukua jina fupi: Kyocera. Inamori alifariki Agosti 2022, akiwa na miaka 90.

Jambo la kushika hapa ni hili. Kauri ni udongo uliosafishwa na kuchomwa kwa moto mkali. Malighafi yake ni ya bei ndogo. Kilichotajirisha kampuni ni kujua joto la tanuru, usafi wa unga, kipimo kisichokosea hata unywele. Japani ilikosa mashimo ya madini, ikajenga matanuru.

KIDUDE KINACHOWEKA UMEME AKIBA

Kidude kinachozungumziwa hapa mafundi wanaozoea Kifaransa wanakiita kondansateri, na upande wa Tanzania wanakiita kapasita. Kazi yake ni kama ya pipa la maji nyumbani. REGIDESO inatoa maji leo, kesho hakuna. Mwenye pipa anajaza wakati yanatoka, anachota wakati yamekatika. Kapasita inajaza umeme kidogo na kuutoa mara moja unapohitajika, mara maelfu kwa sekunde, ili simu isizimike wala sauti ya redio isikwaruze.

Kuna njia mbili kubwa za kutengeneza pipa hilo dogo. Ya kwanza ni kauri: karatasi nyembamba za kauri na za metali zinapangwa juu ya nyingine, mamia ya tabaka, kisha zinachomwa. Simu moja ya kisasa inaweza kuwa na karibu 1,000 za namna hii, na ndani yake hakuna koltani. Bingwa wa dunia katika kauri hizo ni jirani wa Kyocera pale pale Kyoto, kampuni ya Murata, iliyoanza mwaka 1944.

Njia ya pili ni tantalamu. Unga wake unakandamizwa kuwa kidonge, unachomwa katika tanuru lisilo na hewa, kisha kidonge kinatiwa katika asidi na umeme. Juu yake kunaota ngozi nyembamba mno isiyopitisha umeme. Kwa sababu kidonge kina vitundu vingi kama sponji, ngozi hiyo inakuwa na eneo kubwa ndani ya kitu kidogo. Ndiyo maana kapasita ya tantalamu inabeba umeme mwingi katika nafasi ndogo, na inadumu. Inapendwa katika vifaa vya hospitali, ndege, satelaiti, magari na mashine za kompyuta.

Kyocera ilianza na kauri. Katika tantalamu iliingia kwa nguvu mwezi Januari 1990, ilipounganisha kampuni ya Kimarekani AVX. Mizizi ya AVX inarudi mwaka 1922, enzi za redio za kwanza, katika kampuni iliyojulikana kwa jina la Aerovox. AVX ilikuwa na viwanda inchi mbalimbali, pamoja na kile cha Lanškroun, katika Jamhuri ya Cheki, kinachotengeneza kapasita za tantalamu. Mwaka 1995 Kyocera iliuza sehemu ya hisa za AVX katika soko la hisa la New York, na mwaka 2020 ikazinunua tena zote. Leo kampuni inaitwa KYOCERA AVX.

Kwa hiyo, chini ya paa moja kuna njia zote mbili: ya udongo wa kauri na ya unga wa koltani. Hilo si jambo dogo kwa mchimbaji, kama ilivyoonekana mwaka 2000.

MWAKA AMBAO BEI ILIPANDA, KISHA IKAANGUKA

Watu wazima wa Uvira, Fizi, Shabunda na Kalehe hawajasahau mwaka 2000. RCD ilikuwa inatawala mashariki. Duniani, simu za mkononi zilikuwa zinauzwa kwa kasi, biashara ya intaneti ilikuwa imepamba moto, na mwezi Machi kampuni ya Sony ilitoa mashine yake ya michezo PlayStation 2. Viwanda viliogopa kukosa tantalamu, kila kimoja kikaagiza zaidi ya kile kilichohitaji. Bei ikapanda zaidi ya mara tano katika mwaka mmoja.

Habari ikafika mashambani. Vijana waliacha jembe, wanafunzi waliacha madarasa, hata walimu walikwenda machimboni. Mwezi Novemba 2000 RCD ikatoa ruhusa ya pekee ya kuuza koltani kwa kampuni moja, SOMIGL, na wenye kontwari wengine wakafungiwa mlango. Bunduki na koltani zikazoeana. Kuanzia 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika ripoti moja baada ya nyingine kuhusu jinsi madini yalivyokuwa yanalisha vita.

Kisha ikaja upande wa pili wa hadithi. Biashara ya intaneti ilipasuka. Ghala za viwanda zilikuwa zimejaa. Wahandisi, wakiisha kuchoshwa na bei, walikuwa wamepanga upya ubao wa simu: mahali pa tantalamu wakaweka kauri. Kufika mwisho wa 2001 bei ilikuwa imerudi chini.

Hesabu za AVX zinaonyesha kipigo hicho. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2001 iliuza mali ya zaidi ya dola bilioni 2.5. Mwaka uliofuata mauzo yalishuka karibu nusu. Tena ilibaki na mikataba ya kununua tantalamu kwa bei ya juu, na ikaenda mahakamani na muuzaji wake. Kampuni iliumia, lakini ilikuwa na benki, mawakili, na zaidi ya yote kauri za kuuza mahali pa tantalamu.

Kijana wa Shabunda hakuwa na kitu cha kuweka mahali pa koltani. Shamba lilikuwa msitu. Hakuwa na mkataba wa kupeleka mahakamani. Ndiyo maana pengine hakuambiwa hata sababu: alifika ku kontwari asubuhi moja, akaambiwa bei ya jana imekufa.

Hapo kuna fundisho ambalo wanasiasa wanalisahau wanaposema "dunia haiwezi kuishi bila koltani yetu". Dunia inaihitaji sana, ni kweli, na kuna kazi ambazo tantalamu pekee inaziweza. Lakini mahitaji hayo yana kipimo. Bei ikizidi, au jina la madini likichafuka, kiwanda kinachojua kuchoma udongo kinaweza kupunguza.

"LOI OBAMA" NA MFUKO ULIOFUATWA MPAKA SHIMONI

Mwezi Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ambayo watu wa Kivu waliibatiza "Loi Obama". Kifungu chake cha 1502 kililazimisha kampuni zilizo katika soko la hisa la Marekani kutangaza kama mali yao ina bati, tantalamu, wolframu au dhahabu kutoka Kongo na inchi jirani. Septemba 2010 serikali ya Kinshasa nayo ikasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu mbili na Maniema, mpaka Machi 2011.

Matokeo yalijulikana haraka. Wanunuzi wengi hawakuja kuuliza mfuko upi ni safi na upi ni mchafu. Waliondoka tu. Kontwari zilifungwa Bukavu na Goma. Mama aliyekuwa anauza fufu ku chimbo alipoteza wateja siku ile ile mchimbaji alipopoteza kazi.

Katika kipindi hicho AVX, ikiwa chini ya Kyocera, ilichukua njia tofauti pamoja na kampuni ya Motorola Solutions. Mwaka 2011 walianzisha mpango ulioitwa Solutions for Hope. Badala ya kukimbia Kongo, walichagua kununua Kongo kwa njia fupi: machimbo yanayojulikana, kama Mai Baridi na Kisengo, kaskazini ya Katanga, koperative ya wachimbaji, kampuni moja yenye kibali, vibandiko vya namba kwenye kila mfuko, kiwanda kimoja cha kusafisha, China, halafu AVX. Kila mmoja alijua anayemfuata. Kampuni nyingine kubwa kama HP, Intel na Nokia zilijiunga baadaye.

Kwa mtu wa Uvira, Kisengo si mbali ya kufikirika. Ni mkoa wa Tanganyika wa leo, teritware ya Nyunzu. Boti za mizigo kutoka Kalundu zinafika Kalemie, na kutoka Kalemie reli ya zamani inaelekea Nyunzu na Kabalo. Mwaka 2012 kampuni nyingine ya kapasita, KEMET ya Marekani, nayo iliingia Kisengo na kujenga shule na kituo cha afya, kwa sababu nayo ilitaka madini yenye njia inayoonekana.

Mpango ule ulithibitisha jambo moja ambalo miaka mingi viwanda vilidai haliwezekani: kampuni ya mwisho inaweza kujua shimo la kwanza. Koltani ikiisha kuyeyushwa haina tena alama, ya Kongo na ya Brazili ni sawa. Lakini viwanda vya kuisafisha ni vichache duniani, na vyote vya kapasita vinapita humo. Anayesimama pale na daftari anaweza kuuliza kila mfuko ulikotoka. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

KWA NINI MLANGO HUO HAUKUFUNGUKA KWA WOTE

Mafanikio ya Mai Baridi na Kisengo yalikuwa na masharti yake. Kwanza, eneo lilikuwa tulivu kulinganisha na Kivu. Pili, kulikuwa na mnunuzi mmoja tu, na mchimbaji mwenye mnunuzi mmoja hana nguvu ya kubishana bei. Tatu, gharama ya vibandiko na ukaguzi ilikatwa katika bei, na mwisho wa mnyororo ndiko kwenye mtu dhaifu zaidi.

Kivu ya Kusini ilijaribu mwaka uliofuata, kwa bati. Oktoba 2012 mpango uliosaidiwa na serikali ya Uholanzi ulianza katika chimbo la Kalimbi, Nyabibwe, teritware ya Kalehe. Kazi ilirudi na mifuko ikapata namba. Lakini teritware nyingine za mkoa zilingoja miaka, na kule ambako hakuna kibandiko, mfuko haukukaa kungoja. Ulipita usiku, ulivuka Ruzizi, au ulipanda mtumbwi.

Kibandiko chenyewe kilionyesha udhaifu wake. Ni kipande cha plastiki. Kinaweza kuuzwa, na mfuko wa chimbo lingine ukavishwa jina lisilo lake. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti kali juu ya mfumo wa ITSCI, na mwaka huo huo mpango wa kimataifa wa kampuni za elektroniki ukaacha kuutambua. ITSCI ilikana lawama hizo.

Halafu vita. Mwisho wa Aprili 2024 M23 ilichukua Rubaya, Masisi, mahali panapokadiriwa kutoa karibu 15 kwa mia ya koltani ya dunia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwisho wa mwaka huo kwamba kundi hilo lilikuwa linakusanya kodi ya karibu dola 800,000 kila mwezi pale, na kwamba angalau tani 150 zilivushwa Rwanda kwa udanganyifu. Serikali ya Rwanda imekuwa ikikana tuhuma za aina hiyo. Desemba 2024 Kongo iliishitaki Apple katika Ufaransa na Ubelgiji. Apple ilikana, ikasema imewaagiza wanaoiuzia wasinunue tena kutoka inchi hizi mbili.

Neno hilo la mwisho linatisha kuliko mashitaka yenyewe. Ni 2011 inarudi. Kwa kampuni iliyo mbali, kuondoka ni barua moja. Kwa mchimbaji wa Kalehe, Mwenga au Fizi ambaye hajawahi kuona M23 katika chimbo lake, barua hiyo ni njaa.

Tena sheria zinazomlazimisha mnunuzi zimekuwa na mashimo. Kyocera yenyewe iliondoka katika soko la hisa la New York mwaka 2018, na AVX ikatoka mwaka 2020. Hiyo haimaanishi kwamba waliacha kukagua. Viwanda vya Japani vina kamati yao ya madini yenye uwajibikaji tangu 2011, na wateja wao bado wanadai ripoti. Lakini ripoti inayodaiwa na mteja si sawa na ile inayodaiwa na leta. Umoja wa Ulaya nao umeweka sheria yake, inayotumika tangu 1 Januari 2021, lakini inawahusu wanaoingiza madini na metali. Simu iliyokwisha kutengenezwa haiguswi.

HESABU AMBAYO RAIA ANAWEZA KUIFANYA MWENYEWE

Upande wa Kongo, kuna sheria ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kodi ya Madini ya mwaka 2018 iliweka malipo yanayoitwa redevance. Mwisho wa mwaka huo koltani ikatangazwa kuwa madini ya kimkakati, na kiwango chake kikawa 10 kwa mia. Franga hiyo inagawanywa: 50 kwa mia serikali kuu, 25 kwa mia mkoa, 15 kwa mia chefferie, sekta au komine ambapo madini yamechimbwa, na 10 kwa mia mfuko wa vizazi vijavyo.

Kwa mfano, mzigo wa dola 100,000 unaotoka kwa njia halali unapaswa kulipa dola 10,000. Katika hizo, dola 1,500 ni za eneo lenyewe. Si utajiri, lakini ni mabati ya shule au kitanda cha kujifungulia. Mzigo ule ule ukipita usiku, eneo linapata sufuri, na mwenye bunduki njiani anapata chake.

Kwa hiyo swali la "nani anakula faida" lina majibu mawili. Faida kubwa iko mbali, katika tanuru na maarifa, na hiyo haitarudi kwa hotuba. Itarudi siku ambapo watoto wa Uvira watasoma kemia na umeme, na leta ikawa na stima ya kuwasha hata tanuru moja la kusafisha. Faida ndogo, ile ya 15 kwa mia, iko karibu. Inapotea hapa hapa, na inaweza kuulizwa hapa hapa: kwa shefu wa chefferie, kwa burgmestre, kwa wabunge wa mkoa. Umeingiza ngapi mwaka huu? Zimefanya nini?

Mazungumzo ya Washington nayo yanahitaji maswali ya namna hiyo. Kila mtu anasema "minyororo ya madini". Wachache wanasema mnyororo utaanzia kwa nani. Uzoefu wa Mai Baridi na Kisengo unaonyesha kwamba mnunuzi akitaka, anafika. Uzoefu wa 2001 na 2011 unaonyesha kwamba akiogopa, anaondoka bila kuaga. Mkataba unaomjali mchimbaji ungemtaka mnunuzi aahidi muda wa kukaa, bei isiyo siri, na kwamba gharama ya ukaguzi isibebwe na mwenye nyundo. Mambo hayo matatu hayahitaji teknolojia mpya. Yanahitaji kuandikwa.

JINA LA METALI

Mwaka 1802 Msweden Anders Ekeberg aligundua metali ambayo hata ukiizamisha ndani ya asidi hainywi kitu. Akaiita tantalamu, kwa jina la Tantalus, mfalme wa hadithi za Wagiriki aliyeadhibiwa kusimama ndani ya maji mpaka kidevuni, na kila akiinama kunywa, maji yanashuka.

Watu wa Uvira hawahitaji kufafanuliwa hadithi hiyo. Mji umelala ku ukingo wa ziwa lenye karibu moja ya sita ya maji yote yasiyo na chumvi yaliyo juu ya ardhi ya dunia, ukiacha barafu. Miaka mingi kipindupindu kinarudi mu mitaa kwa sababu bomba halina maji safi, na mama anashuka Kimanga au Kalundu na bidoni kuchota yale yale ya ziwa. Kuishi juu ya mali na kulala na kiu ni jambo linalojulikana hapa kabla ya koltani kupata jina.

Vijana 28 wa Kyoto hawakuwa na ziwa wala mlima wa madini. Walikuwa na tanuru, nyumba ya mtu iliyowekwa rehani, na siku tatu za kuzungumza bila kulala kuhusu kazi ni kwa faida ya nani. Mwaka 1961 jibu liliandikwa: wafanyakazi wote. Miaka zaidi ya 60 baadaye, mchimbaji anayetoa unga wa kwanza wa kapasita bado hayumo katika orodha ya mshahara ya kampuni yoyote ya mnyororo huo. Kama anahesabiwa kati ya hao "wote", ni swali ambalo wanaotia sahihi mikataba, hapa na kule, wanapaswa kulijibu kabla ya mfuko unaofuata kufungwa.